Anyona aliuliza kuhusu mabehewa, sisi twauliza nini?

Kuuliza si ujinga. Methali hii watoto wetu hufundishwa wangali katika madarasa ya chini, na mwalimu huitumia kumtia moyo mwanafunzi anayeona haya kuinua mkono. Hata hivyo, historia ya Kenya yatuonyesha kwamba palikuwa na wakati ambapo kuuliza kulikuwa kosa, tena kosa lisilohitaji shahidi, wakili wala hakimu. Aliyeuliza alichukuliwa, akafungiwa, na jamaa zake wakabaki kukisia atarudi lini. Miongoni mwa waliolijua jambo hilo kwa kulipitia ni marehemu George Moseti Anyona, mbunge aliyetoka Kitutu Mashariki, eneo ambalo hii leo limo katika Kaunti ya Nyamira.

Anyona alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi mwezi wa Novemba 2003. Mwanafunzi aliye katika shule ya upili leo hakuwa amezaliwa. Mwalimu kijana anayemfundisha huenda alikuwa bado akijifunza kusoma. Kwa hivyo si ajabu iwapo jina hili limeanza kufifia hata huko Kisii na Nyamira, ambako zamani lilitajwa kila walipokutana watu wawili wapendao siasa. Nimeona nilirejelee, si kwa ajili ya kumtukuza marehemu, bali kwa sababu swali lililomtia kizuizini mwaka wa 1977 lingali linatuhusu. Lilikuwa swali kuhusu zabuni: nani anauzia serikali, kwa njia gani, na kwa faida ya nani.

Siku hizi maneno uwazi, maadili na uwajibikaji yamejaa katika hotuba na warsha. Wapo wanaosema kwamba ni maneno ya wafadhili, yaliyotuingilia kutoka Ulaya pamoja na masharti ya mikopo. Mimi nasema la. Wafadhili waliposimamisha misaada kwa Kenya mwezi wa Novemba 1991 wakitaka mageuzi, Anyona alikuwa amekwisha kuwekwa kizuizini mara mbili, na wakati huo huo alikuwa akitumikia kifungo gerezani. Yeye hakuhitaji mgeni amfundishe kwamba mali ya umma ina wenyewe na kwamba wenyewe wana haki ya kuhesabiwa.

Alizaliwa mwaka wa 1945, wakati eneo zima la Abagusii lilipokuwa wilaya moja ya Kisii chini ya serikali ya kikoloni. Nyamira ilikuja kupewa wilaya yake mwaka wa 1989, na kaunti yake kwa Katiba ya 2010. Ni nchi ya vilima, mvua nyingi na mashamba madogo, ambamo chai, pareto, kahawa na migomba husongamana hadi ukingoni mwa barabara. Mahali ambapo ardhi ni finyu kiasi hicho, mpaka wa shamba ni jambo zito, na watu hujifunza mapema kudai maelezo. Tangu zamani wazee wa Abagusii walikaa katika baraza lao, etureti, wakasikiliza kesi mbele ya wanakijiji. Aliyeshukiwa kuficha ukweli angeweza kutakiwa ale kiapo, yaani emuma, na kiapo hicho kiliogopwa mno. Naam, huo nao ulikuwa ukaguzi wa hesabu, ingawa haukuandikwa katika daftari.

Kijana Anyona aliingia Bungeni kwa uchaguzi mkuu wa Oktoba 1974, akikaribia umri wa miaka 30. Ni vyema mwanafunzi afahamu lilikuwa Bunge la aina gani. Chama cha upinzani, Kenya People's Union, kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka wa 1969, na tangu hapo KANU ilibaki peke yake ukumbini. Lakini kukosekana kwa chama cha pili hakukumaanisha kukosekana kwa sauti ya pili. Palikuwa na wabunge wachache wa viti vya nyuma waliokataa kugeuka wapiga makofi. Machi 1975 aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, na Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale ili kuchunguza kifo hicho. Bunge lilipokubali ripoti ya kamati hiyo, serikali iliona kwamba viti vya nyuma vina meno.

Malipo hayakukawia. Oktoba 1975 Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, ambaye alikuwa Naibu wa Spika, walikamatwa katika majengo ya Bunge yenyewe kwa sababu ya maneno waliyoyasema ukumbini kuhusu KANU. Wakatiwa kizuizini. Mwaka wa 1976 Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini naye akapelekwa gerezani. Hivyo, kufikia mwaka wa 1977, kila mbunge aliyekuwa na swali gumu mfukoni alijua kwamba sheria ya kinga ya Bunge haikuwa ngao ya kutosha. Anyona alijua hayo kama wenzake. Aliuliza hata hivyo.

Kabla sijaeleza alichouliza, yafaa tutazame chanzo cha ugonjwa wenyewe. Mwaka wa 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilitoa ripoti yake kuhusu utumishi wa umma, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba mtumishi wa serikali aruhusiwe kuwa na biashara yake binafsi. Hoja ya wakati ule ilieleweka: Waafrika walikuwa wametengwa na biashara kwa miaka mingi, na wasomi wengi walikuwa ofisini. Lakini fikiria, msomaji, matokeo yake. Afisa anayeamua nani auzie wizara saruji anaruhusiwa kuwa na duka la saruji. Mtu mmoja anasimama pande zote mbili za meza, kulia akinunua kwa fedha za umma, kushoto akiuza kwa faida yake. Hata awe mwaminifu namna gani, nani atamwamini? Na akiwa si mwaminifu, nani atamshika?

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikivunjika, na shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likawa linagawanywa. Mabehewa yalihitajika, na mabehewa ni ununuzi wa fedha nyingi. Anyona alilizusha jambo hilo Bungeni. Dai lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba zabuni ya kununulia mabehewa hayo haikwenda njia iliyonyooka, na kwamba serikali ilipaswa kuwaeleza wananchi. Hakuitisha maandamano. Hakumtukana mtu. Alitumia chombo ambacho Katiba ilimpa, yaani swali la mbunge kwa serikali.

Naomba walimu wa historia na uraia wasimame hapa kidogo na wanafunzi wao. Kwa nini zabuni iwe jambo la kufa na kupona? Zabuni ni mlango ambao fedha za kodi hupitia kutoka hazina hadi mfukoni mwa mfanyabiashara. Mlango huo ukiwa wazi, wauzaji hushindana, bei hushuka, na mwananchi hupata behewa linalokwenda. Mlango ukifungwa, muuzaji hashindani tena kwa bei wala kwa ubora. Hushindana kwa kujuana. Mwenye bei ya juu aweza kushinda, na tofauti ya bei ikagawanywa gizani. Mkulima wa chai wa Kebirigo na mama anayeuza ndizi sokoni Keroka hawaoni mkono ukiingia mfukoni mwao, lakini ndio wanaolipa. Hulipa kwa ushuru wa sukari na mafuta ya taa, na hulipa tena kwa hospitali isiyo na dawa.

Jibu la serikali kwa swali la Anyona halikuwa hesabu, halikuwa barua, wala halikuwa kamati. Mwezi wa Mei 1977 alikamatwa na kutiwa kizuizini bila kushtakiwa, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Hebu tuipime maana yake. Bei ya mabehewa ikageuzwa kuwa siri ya usalama wa taifa. Aliyetaka hesabu akaitwa hatari, na walioulizwa hesabu wakabaki ofisini. Katika mfumo kama huo, mkaguzi anaweza kuandika ripoti nzuri mno, lakini ripoti hiyo itakuwa barua isiyo na wa kuisoma kwa sauti.

Ili tusidhani kwamba wenzetu wa Ulaya wameumbwa kwa udongo tofauti, nitatoa mfano mmoja wa huko. Desemba 1998 mkaguzi mmoja wa hesabu katika Tume ya Ulaya mjini Brussels, Mholanzi Paul van Buitenen, aliwapelekea wabunge wa Bunge la Ulaya nyaraka zilizoonyesha udanganyifu na upendeleo katika ofisi za Tume. Wakubwa wake hawakumshukuru. Walimsimamisha kazi na kumkata nusu ya mshahara. Basi hata Ulaya mkubwa aliyeguswa hutafuta fimbo. Tofauti ilitokea baada ya hapo. Bunge la Ulaya lilidai uchunguzi, kamati ya wataalamu wasiofungamana na upande wowote ikaundwa, na ripoti yake ilipotoka mwezi wa Machi 1999, makamishna wote 20 waliokuwa chini ya Jacques Santer walijiuzulu. Mwaka huo huo ikaundwa ofisi mpya ya kupambana na ulaghai.

Tazama basi tofauti ya Brussels na Nairobi. Tabia ya binadamu ni ile ile, yaani kutamani, kuficha na kulipiza kisasi. Lililotofautiana ni kwamba kule swali liliendelea kutembea hata baada ya muulizaji kuadhibiwa. Palikuwa na Bunge lisilogusika na magazeti yasiyofungwa, na tangu mwaka wa 1995 palikuwa pia na ofisi ya mchunguzi wa malalamiko ya raia wa Ulaya yote, wazo lililotokana na desturi ya Uswidi iliyoanzia mwaka wa 1809. Huku kwetu, alipofungiwa muulizaji, swali nalo lilifungiwa. Huo ndio umuhimu wa taasisi za usimamizi: kazi yao ni kuhakikisha kwamba ukweli hautegemei ushujaa wa mtu mmoja.

Rais Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, Rais Daniel arap Moi aliwaachilia wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini, na Anyona akarudi nyumbani pamoja na akina Shikuku, Seroney na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Wengi walitumaini kwamba ukurasa umefunguliwa. Lakini uchaguzi wa 1979 ulipofika, KANU ilikataa kumwidhinisha Anyona, kama ilivyomkataa Jaramogi Oginga Odinga. Wapiga kura wa Kitutu Mashariki walinyimwa nafasi ya kuamua wenyewe kama muulizaji wao alikuwa na hatia au la.

Mwaka wa 1982 Anyona na Odinga walikusudia kuunda chama kipya cha kisiasa chenye siasa za kijamaa. Wakati ule sheria haikukataza jambo hilo. Kenya ilikuwa ya chama kimoja kwa vitendo tu. Serikali ikajibu kwa njia mbili. Anyona alitiwa kizuizini mara ya pili, na wakili John Khaminwa naye akakamatwa na kutiwa kizuizini mwaka huo huo. Kisha, mwezi wa Juni, Bunge likapitisha kwa haraka kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa sheria. Anyona alikaa ndani hadi mwaka wa 1984. Watu wanaoshangaa kwa nini miaka iliyofuata ilizaa kashfa nyingi wakumbuke mfululizo huu: waulizaji waliondolewa kwanza, ndipo wizi ukastawi.

Mara ya tatu ilikuwa Julai 1990, wakati vuguvugu la vyama vingi lilipokuwa limechacha. Anyona alikamatwa pamoja na Edward Oyugi, Ngotho Kariuki na Augustus Njeru Kathangu. Safari hii walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uchochezi, na mwaka wa 1991 wote wanne wakahukumiwa kifungo cha miaka saba. Waliachiliwa kwa dhamana mapema mwaka wa 1992 wakisubiri rufaa, nchi ikiwa imekwisha kurudi katika mfumo wa vyama vingi.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulimrudisha Anyona Bungeni kama mbunge wa Kitutu Masaba, akiwa na chama chake kidogo cha Kenya Social Congress. Alikuwa mbunge pekee wa chama hicho. Aligombea urais pia, lakini nchi nzima ilimpa kura zisizozidi 15,000. Mwaka wa 1997 watu wake walimchagua tena. Katika ukumbi wa Bunge alijulikana kwa jambo moja ambalo wanafunzi wa sheria wangelipenda: alizifahamu Kanuni za Kudumu kama fundi anavyofahamu vifaa vyake. Aliposimama kwa hoja ya nidhamu, Spika na mawaziri walijua kwamba kitabu kimefunguliwa. Wapo waliomwona msumbufu. Mimi naona alikuwa ametambua siri ya kazi ya ubunge: mtu mmoja asiye na chama kikubwa wala fedha anaweza kuwa na nguvu iwapo anazijua kanuni kuliko wenye nguvu.

Jambo ambalo hunigusa zaidi katika maisha yake lilitokea mwaka wa 1997. Kundi la wabunge wa vyama vyote, lililojulikana kwa herufi IPPG, lilikubaliana juu ya mageuzi kabla ya uchaguzi, na Anyona alikuwa mmoja wa walioshiriki. Katika mageuzi hayo yalifutwa mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka chini ya ile Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma. Yakafutwa pia makosa ya uchochezi katika Kanuni za Adhabu. Yaani mtu aliyefungiwa kwa sheria ya kwanza mara mbili, na kwa sheria ya pili mara moja, aliketi katika Bunge lililozing'oa zote mbili. Ni wachache katika historia yetu walioishi kuona hivyo.

Nisije nikaandika kama kwamba marehemu alikuwa malaika. Wanaharakati waliotaka Katiba mpya kabisa waliyaona makubaliano ya IPPG kuwa kiraka katika vazi bovu, tena kiraka kilichomfaa Rais Moi aliyeshinda uchaguzi wa mwaka huo, na Anyona alilaumiwa pamoja na wenzake. Lawama hiyo haikuwa bila msingi. Chama chake nacho hakikuvuka mipaka ya nyumbani kwake, na mwanasiasa asiyejenga chama huacha nyuma yake sifa pasipo jeshi. Katika uchaguzi wa 2002, uliofunga enzi ya KANU, alishindwa kiti chake. Mageuzi aliyoyapigania yalifika siku ambayo yeye hakuwamo ukumbini.

Hata hivyo, tazama mwaka aliofariki. Mwaka huo wa 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, iliyowataka watumishi watangaze mali zao na kuepuka mgongano wa masilahi, na Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi. Mlango uliofunguliwa na ripoti ya 1971 ukaanza kurudishwa. Mwaka wa 2005 ikaja sheria ya kwanza kamili ya ununuzi wa umma, na baadaye ile ya 2015 iliyochukua nafasi yake. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi. Kifungu cha 227 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sura ya Sita yaweka maadili ya uongozi. Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka wa 2011 zikaundwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi na Tume ya Haki za Utawala, ambayo hupokea malalamiko ya mwananchi dhidi ya afisi za umma.

Kwa maneno mengine, swali ambalo Anyona alilipia kwa uhuru wake, wewe na mimi leo twaweza kuliuliza kwa barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yasema kwamba afisi ya umma iliyoombwa habari na raia yapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari hiyo yahusu uhai au uhuru wa mtu. Haki hiyo haitegemei sababu ya kuuliza. Akinyimwa, aweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala. Mkaguzi Mkuu naye anatakiwa na Katiba kukagua hesabu za serikali kuu na za kila kaunti, Kisii na Nyamira zikiwamo, na kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Bunge au bunge la kaunti lapaswa kuijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu.

Je, twauliza? Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Taasisi tunazo, tena nyingi, lakini taasisi ni kama kengele ya shule. Hata iwe ya shaba safi, isipopigwa hakuna atakayeingia darasani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu hutolewa, na wengi wetu huzisikia kwa siku mbili katika habari kisha tukazisahau. Wapiga kura nao wana sehemu yao ya lawama. Mwakilishi anayeleta mchango mnono kanisani au kugawa pesa katika mkutano husifiwa kuwa mchapa kazi, na yule anayekesha akisoma makadirio ya matumizi huambiwa hajafanya lolote. Hatuulizi fedha za mchango zilitoka wapi. Twashangilia mkono unaotupa shilingi moja bila kutazama kama ndio uliotwaa kumi.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu na mwanafunzi ni watu wadogo, na kwamba mwenye kuuliza bado aweza kuhamishwa, kutishwa au kunyimwa cheo. Ni kweli kwamba hatari haijaisha. Lakini mbele ya hatari iliyomkabili Anyona mwaka wa 1977, ya kwetu ni ndogo, na kinga yetu ni kubwa zaidi. Isitoshe, hakuna anayetutaka tuanze na mabehewa. Shule ni taasisi ya umma. Ina bodi, ina bajeti, ina zabuni za mahindi, kuni, vitabu na madawati. Mwalimu mkuu anayebandika hesabu za muhula kwenye ubao wa matangazo, zikionyesha kiasi kilichopokelewa na kilichotumika, anafundisha somo la uraia ambalo hakuna kitabu kitakacholifikia. Anayezificha naye anafundisha, na wanafunzi humwelewa vizuri sana.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa walimu wa historia na uraia wa Kisii, Nyamira na kwingineko. Mtakapofika kwenye mada ya Bunge na kazi zake, msitosheke na kuorodhesha vifungu ili wanafunzi wavikariri kwa ajili ya mtihani. Wasimulieni kisa cha mbunge wa Kitutu na mabehewa ya reli. Kisha kila mwanafunzi achague jambo moja la umma analoliona kwa macho yake, liwe zahanati isiyokwisha kujengwa, daraja, au basari ya wadi, aandike barua ya heshima kwa afisi inayohusika akiomba kujua kiasi cha fedha kilichotengwa, aliyepewa kazi na namna alivyochaguliwa. Barua zipelekwe kwa jina la shule. Siku 21 zihesabiwe kwenye kalenda iliyo ukutani, na majibu yatakayokuja, au ukimya utakaobaki, yasomwe mbele ya darasa.